Joho la Mtakatifu Roko

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Maana ya methali hii ni kwamba binadamu akipata kitu kipya hukifurahia na kukisifu hata kama kinamdhuru, mpaka maumivu yamfumbue macho. Watu wa Yucusaa, kijiji cha milimani huko Oaxaca katika nchi ya Meksiko, hawana haja ya kufafanuliwa zaidi. Kidonda chao kilikuwa kikubwa kama kanisa, na walikipaka rangi ya chungwa.

Kanisa lenyewe ni la Mtakatifu Luka. Mababu zao walilijenga kwa mawe laini ya mlimani na matofali ya kuchoma, wakayashikiza kwa chokaa. Lilikuwa limezeeka na lipu yake imebaki mabakamabaka. Hilo lisingemsumbua mtu kama watu wa Loma Larga, kijiji cha ng'ambo ya bonde, wasingelipaka rangi kanisa lao. Vijiji hivi viwili ni watani wa tangu zamani. Kila sikukuu ya Mtakatifu Luka, mwezi wa Oktoba, watu wa Loma Larga humbeba mtakatifu wao, sanamu ya Mtakatifu Roko pamoja na mbwa wake wa mbao, wakavuka bonde kwa ngoma na tarumbeta kumleta amtembelee mwenzake. Hulala kanisani Yucusaa wiki nzima. Nani angependa mgeni wa heshima namna hiyo alale penye kuta za mabaka?

Aliyewatoa aibu ni fundi Crescencio Lázaro. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kaskazini, ng'ambo ya mpaka, akijenga maghala, na aliporudi alikuja na akiba, kofia nzuri na imani moja tu: kwamba hakuna kinachoishinda saruji. Akalinunulia kanisa saruji kwa fedha yake, akaipiga kwenye kuta zote nje na ndani hadi zikawa laini kama yai, kisha akazipaka rangi. Kwenye kona ya mbele, saruji ikiwa bado mbichi, aliandika jina lake kwa ncha ya mwiko. Kijiji kizima kilimpigia makofi. Hata wasiompenda walikiri kwamba kanisa linang'aa, na kweli lilikuwa linang'aa.

Miaka michache baadaye kuta zilianza kutoa jasho. Chumvi nyeupe ikaota chini ya madirisha, na harufu ya unyevu ikawapokea waumini mlangoni. Watu walifuta kwa matambara, wakanyamaza. Ni nani amkosoe mtu aliyetoa mali yake kwa ajili ya Mungu?

Aliyevunja ukimya ni Bibi Hermelinda wa Loma Larga, mtunza mavazi ya Mtakatifu Roko. Sikukuu ilipokwisha na mtakatifu kurudishwa kwake, bibi alivuka bonde peke yake, kapu kichwani, akamkuta Crescencio amekaa na wenzake nje ya kanisa.

"Hodi, fundi. Nimemleta mgonjwa."

"Mgonjwa gani tena, bibi?"

Akalitoa joho la mahameli la Mtakatifu Roko. Mgongoni lilikuwa limeota ukungu wa kijani.

"Tulimleta kwenu mzima, mmeturudishia ana baridi yabisi. Hata mbwa wake anapiga chafya."

Watu waliangua kicheko, kisha wakaona mwenyewe hacheki.

"Sikia, mwanangu," alisema Bibi Hermelinda. "Mwakani zamu ya kuwa mwenyeji wa sikukuu ni yako. Kanisa lenu lisipokauka, Roko wetu habanduki kwake. Sisi tutakuja kula, maana chakula hakina kosa. Yeye haji."

Crescencio alipoteza hamu ya kula siku ile. Tangu enzi za mababu, Mtakatifu Roko hakuwahi kukosa kuja. Na sasa angekosa katika mwaka wake yeye, kwa sababu ya ukuta wake yeye. Alikuwa radhi avunjike mguu kuliko jambo hilo limfike.

Wazee wa kanisa wakamwita Otilia Barragán, mwanamke fundi aliyezunguka vijijini akifundisha watu kukarabati majengo ya kale. Alipofika aligonga kuta kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Kisha akaomba ruhusa, akabandua kipande cha saruji nyuma ya altare, upana wa kikaango cha chapati za mahindi. Jiwe lililokuwa chini yake alilichota kwa vidole, likamwagika kama sukari guru.

"Mawe haya yanapumua," aliwaambia waliomzunguka. "Maji yakiingia, hutoka yenyewe. Mmeyavisha koti la mpira. Hebu vaeni koti la mpira mkalime juani, jioni mnisimulie."

"Koti limepasuka, mwalimu, ndiyo maana," Crescencio alijibu. "Tunaongeza jingine juu yake."

"Na hilo likipasuka?"

"La tatu. Kwani saruji imeisha duniani?"

Watu walicheka, na wengi wakawa upande wake. Kuubomoa ukuta unaong'aa ili uupake chokaa ya mababu, ambao hawakuwa na la kuchagua, ilionekana sawa na kuuza gari ukanunue punda. Mkutano wa kijiji ulibishana mpaka makoo yakakauka, ukaishia kuligawa kanisa. Ukuta wa kusini Crescencio auongezee saruji. Ukuta wa kaskazini watu waubandue na kuutengeneza kwa chokaa. Mvua ndiyo ingekuwa hakimu.

"Utautengeneza lini huo wako?" mtu mmoja alimwuliza Otilia.

"Mimi sitengenezi, nafundisha. Mimi nitaondoka, mvua itabaki kwenu. Nani anataka kujifunza?"

Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Nazaria, mke wa Crescencio.

Darasa la Otilia lilikuwa la wanawake na wazee, kwa kuwa vijana wengi walikuwa kazini ng'ambo ya mpaka. Walichimba shimo, wakaloweka chokaa humo na kuiacha kwa miezi mpaka ikawa laini kama siagi. Walikata majani manene ya mpungate, ule mmea wa miiba wa nchi kavu, wakakwangua miiba, wakayaloweka mpaka yakatoa utelezi, kisha wakauchanganya na chokaa na mchanga ili lipu ishike bila kuziba pumzi ya jiwe. Utelezi ule ulikuwa na harufu yake, na Nazaria alirudi nayo nyumbani kila jioni.

"Mke wangu, leo mmejenga au mmepika?" Crescencio alimtania.

"Tumepika. Wewe utakula mwisho."

Ilipofika ile siku ya mwezi wa tano ambayo mafundi wa nchi ile husimamisha msalaba wa maua juu ya kila jengo wanalolijenga, kanisa la Yucusaa lilipata misalaba miwili, mmoja kusini na mwingine kaskazini. Padri aliutazama huu, akautazama ule, akabariki yote miwili, akaenda kula bata mzinga. Kusini kuling'aa kwa rangi mpya. Kaskazini kulikuwa na weupe wa kufifia, na wapita njia waliuliza kama rangi iliwaishia.

Mvua zikafika. Kila ziliponyesha, ukuta wa kaskazini ulilowa ukawa mweusi, jua likitoka ukakauka na kurudia weupe wake. Wa kusini haukubadilika hata kidogo, na Crescencio aliwaonyesha watu kwa fahari. Hadi mchana mmoja wa Julai, wanakwaya wakifanya mazoezi, walisikia mlio kama wa gunia la mahindi linalotupwa chini. Bamba zima la saruji ya ukuta wa kusini lilikuwa limeanguka ndani likiwa na tabaka zake mbili, na mgongoni limebanduka pamoja na nyuso za mawe. Hakuna aliyeumia. Palipobaki wazi, maji yaliteremka taratibu.

Crescencio aliitwa. Aliweka kiganja kwenye jeraha lile, akavuka kanisa, akaweka kiganja kwenye ukuta wa kaskazini. Ulikuwa mkavu, tena una joto la jua. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Lakini kilichomuuma zaidi kuliko aibu ni yale mawe, kwa kuwa alikuwa fundi, na fundi hapendi kuua kazi ya fundi mwenzake, hata aliyekufa zamani.

Asubuhi yake alikwenda kanisani na nyundo na tindo. Nazaria alimfuata, akamkuta kwenye kona ya mbele.

"Kona hiyo tungeiacha, mume wangu. Ina jina lako."

"Ndiyo maana naanza nayo."

Nazaria aliokota tindo lake akasimama upande wa pili wa kona, wakagonga pamoja.

Kuanzia siku hiyo darasa la Otilia lilipata mwanafunzi mpya, tena msumbufu. Crescencio alipiga chokaa mbiombio kama saruji, ikamdondokea kofiani, na wazee wakamwuliza kama ng'ambo ya mpaka ndivyo wanavyopaka kofia. Alirudia, akarudia tena. Kufikia Septemba mkono wake ulikuwa umetulia, na Otilia alipofunga virago kwenda kijiji kingine, waliumalizia ukuta wa kusini wenyewe, chini ya maturubai, bila kumwuliza mtu.

Oktoba ngoma zililia bondeni. Mtakatifu Roko alifika na mbwa wake mpaka mlangoni, lakini Bibi Hermelinda akawazuia wabebaji. Aliingia peke yake. Crescencio, mwenyeji, alisimama kofia mkononi, jasho likimtoka kama kuta zake za zamani. Bibi aliegemeza shavu ukutani, akavuta pumzi ndefu, akatoka.

"Mwingizeni," alisema.

Wiki ilipokwisha, bibi alimvua Roko joho mbele ya watu wote, akalinusa na kulipitishia kiganja mgongoni. Lilikuwa kavu, na lilinukia ubani tu. Nazaria alilia waziwazi, na Crescencio akajifanya anamtafutia leso ili naye apate kufuta macho.

"Ila fundi," alisema Bibi Hermelinda akilikunja joho, "mbona kanisa mmelirudisha kuwa zee? Halina hata rangi. Sisi letu tunaliremba kabla ya Krismasi. Saruji tumeshanunua, mifuko imejaa mlangoni."

Crescencio alimtazama mkewe, wakacheka wote wawili.

"Hiyo mifuko, bibi, itatoa zizi zuri sana la nguruwe. Kanisa msiliguse. Jumatatu tutavuka bonde. Nazaria atawafundisha, mimi nitambebea mpungate."

"Lakini saruji inapendeza, mwanangu."

"Inapendeza sana, bibi," alisema Crescencio, akiitazama ile kona ya mbele isiyo na jina. "Mimi niliipenda mpaka nikaitia sahihi. Kipya kinyemi ingawa kidonda."