Mmea wa Mama na Shingo ya Dada

Kulikuwa na mama mmoja, mtu wa jumuiya kama ninyi, anayefunga na kusali. Mwanawe aliyeko ng'ambo alimletea mmea wa ajabu, ule unaokula wadudu. Majani yake yana midomo. Nzi akitua, inafumba. Mama akauweka sebuleni, dirishani. Jumuiya ikienda kusali kwake, amina haijaisha vizuri watu wameshauzunguka, kila mmoja anataka auchokoze kwa kijiti cha meno.

Basi mmea ukaanza kukua vibaya. Majani mapya yakatoka yamejikunja, midomo imepinda, haifumbi. Mama akakosa usingizi. Picha zikatumwa kwenye kundi la simu la jumuiya, na ushauri ukamiminika: uongezewe mbolea, upunguziwe jua, uombewe. Na kweli uliombewa. Mnacheka? Subirini.

Mwishowe akaitwa bwana shamba. Akapiga magoti, akafunua jani mojamoja, akatazama kwa kioo cha kukuzia hadi katikati kabisa. Akasema ni vidukari, wadudu wadogo mno hata midomo ile haiwahisi. Wanaufyonza mmea pale majani yanapochipukia, ndiyo maana jani linatoka limeshaharibika. Akaagiza uzamishwe wote kwenye maji ya mvua, wadudu wafe.

Dada wa kazi akaleta beseni. Alipoinama kulitua, mtandio ukateleza, na bwana shamba akaona uvimbe shingoni, mkubwa kama limau.

"Mama," akasema, "na huyu ameanza lini?"

"Huyo? Mbona yuko hivyo siku nyingi. Ana mdomo, ungemuuma angesema."

Dada akajibu taratibu, macho chini. "Nilisema, mama. Ukaniambia nisubiri kwanza wageni waondoke."

Ndugu zangu, mmea ulipona. Yule dada alipofikishwa hospitali, daktari alisema wamechelewa kumleta. Alizikwa kabla ya Kwaresima. Jumuiya nzima ilikwenda kuzika, na nyimbo zilikuwa nzuri sana.

Sasa niwaulize: wale wageni walikuwa nani? Nani alipokea chai mikononi mwa yule dada kila wiki, akasema asante huku anatazama dirishani? Ni sisi. Jani likijikunja tunaliona tukiwa mlangoni, lakini shingo ya mtu anayetuwekea sukari hatuioni. Tunasema Mungu ndiye anayeona mioyo ya watu, kumbe hata shingo zao tumemwachia yeye.

Mimi jambo hili linaniuma, na sitaki liwapite. Leo mkifika nyumbani, kabla hamjanawa mikono, mwiteni anayewapikia. Mkalisheni kitini, muulizeni anaumwa wapi, na msimkatize. Akiwaambia, mpelekeni hospitali kesho asubuhi, hata kama kesho jumuiya inasali kwenu.