Shuka la Zawena

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na kitanda.

Kitandikwe.

Kitandikwe nini?

Tuambie, bibi, tulale.

Basi sogeeni. Mwenye kikohozi akae upande ule, asinipulizie majivu ya moto huu.

Hapo kale, kale ya watu na wanyama kupigiana hodi, alikuwako mwanamke jina lake Mize. Alikaa miaka mingi bila mtoto, akaja akapata mmoja, msichana, akamwita Zawena. Mtoto mzuri, ila halali. Asubuhi halali, mchana halali, usiku ndiyo kabisa. Mji wao ulikuwa wa joto, na mgongo wa Zawena umejaa harara, kila akilazwa analia kama kalazwa juu ya siafu.

Kilio kikafika porini kwa zimwi. Zimwi likaja, likachungulia juu ya ua wa makuti.

"Mize, sheria unaijua. Asiyelala kwao ni wa atakayemlaza. Kesho jua likizama napita. Nikimkuta macho, namchukua nikamlaze mimi."

Na kweli sheria ilikuwapo, wajukuu zangu, ilikuwa ya zimwi lenyewe na hakuna aliyewahi kuipindua. Mize akazunguka kwa majirani kutafuta matandiko, roho mkononi.

Sasa, pale mjini palikuwa na desturi. Mtu akitengeneza kitu cha kulaliwa, hukilalia yeye kwanza. Akiamka vizuri, ndipo humpa mwenzake. Lakini desturi mnazijua, watu wakiwa na haraka huziruka.

Kesho yake, wa kwanza kuja alikuwa Kondoo. Akaleta blanketi la sufu yake mwenyewe, nene, limevimba. Mize akamuuliza kama amelilalia.

"Shoga, mimi nimezaliwa ndani yake," akasema Kondoo. "Nililalie mara ngapi?"

Wakatandika. Mize akaimba:

Funga jicho, Zawena,
funga na la pili,
zimwi lisione mwanga.

Zawena akatota jasho. Sufu ikishika joto hailiachii, ni nguo ya watu wa milimani wanaoamkia baridi. Mtoto akalia. Kondoo akakunja blanketi lake akaenda zake, akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu.

Wa pili alikuwa Nondo, yule ambaye utotoni alikuwa kiwavi akajisokotea hariri. Akaleta shuka linameremeta hadi macho yanauma. Lilifumwa kiatlasi, yaani uzi unaruka wenzake kadhaa kabla haujazama chini, ndiyo maana uso wake unateleza na kung'aa. Mize akamuuliza kama amelilalia. Nondo akasema alilala humo humo alipokuwa mdogo, na sasa ana mbawa, zitakunjamana.

Wakatandika. Mize akaimba:

Funga jicho, Zawena,
funga na la pili,
zimwi lisione mwanga.

Zawena akapiga teke, akateleza. Akapiga jingine, akateleza tena. La tatu likamfikisha chini kwenye mkeka, na ukucha wake umenasa zile nyuzi ndefu, shuka limeota ndevu. Akalia. Nondo alipoona shuka lake lile, naye akalia.

Jua likapita utosi. Wa tatu akaja Mnana, yule ndege mfumaji, na shuka la pamba mgongoni.

"Dada Mize, hili halina mwenzake. Nyuzi nyingi kuliko nywele za kichwani kwako. Nimezibana hata maji hayapiti."

Mize akamtazama.

"Lala."

"Mimi?"

"Wewe. Ujifunike mpaka mdomo."

Mnana akajilaza. Hakukaa kitambo akachomoka, manyoya yamelowa, anahema.

"Dada, humu hamna hewa."

"Na aliyefuma nani?"

"Mimi. Hata mke wangu kila msimu hunivunjia kiota cha kwanza. Nipishe nifumue."

Akafumua yote. Akatanda upya nyuzi za urefu, ule tunaouita mtande, akaziachia nafasi. Kisha akapitisha mshindio, ule uzi wa mapana, juu ya mmoja, chini ya mmoja, juu, chini, juu, chini, bila kuugonga ubanane kwa majivuno. Mize akaliinua shuka mbele ya jua, akaona mwanga unachungulia. Akapuliza, pumzi ikatokea upande wa pili. Akalifua, maana pamba mpya huwa ngumu, akalianika, na upepo ukalikausha upesi. Mnana akalilalia tena. Safari hii ilibidi aamshwe.

Wakatandika. Mize akaimba upesi upesi, kwa kuwa jua lilishagusa miti. Zawena akafunga jicho. Akafunga na la pili.

Zimwi hilo mlangoni. "Nimekuja kuchukua changu."

"Punguza sauti," akasema Mize. "Amelala."

Zimwi halikuamini. Likainama, likasikia mtoto anavyopumua, likalipapasa shuka kwa kidole kimoja. Zimwi, wajukuu zangu, hulalia ngozi kavu ya ng'ombe. Tangu lizaliwe halijapata usingizi wa maana.

"Hiki ni kitu gani?"

"Pamba tu. Kuna kipande kilibaki, nimekitandika pale ukumbini. Jinyooshe uone."

"Najaribu tu," likasema zimwi.

Likajinyoosha, miguu ikatokeza nje mpaka uani. Likakoroma hata kuku wa jirani wakahama banda.

Kulipokucha, Mize akasimama kichwani pake na beseni.

"Hapa ni kwenu?"

"Si kwetu."

"Nani kakulaza?"

Zimwi likajikuna. Likatafuta mlango wa kutokea ndani ya sheria yake lenyewe, lisiuone.

"Wewe, mama."

"Haya, shika beseni. Anza na mawinda ya mtoto."

Ndiyo maana mkiona shuka limetuna kambani na upepo hakuna, msiogope. Ni zimwi liko nyuma yake, linakamua.

Ninachotaka mkishike ni hiki: kitakacholaliwa na mwenzako, kilalie wewe kwanza. Usidanganywe na unene, wala mng'aro, wala wingi wa nyuzi. Inua mbele ya jua, puliza, ndipo utandike.

Hadithi yangu naikunja hapa, naiweka chini ya mto. Na yule pale kasinzia kabla sijamaliza, mnamwona? Hapa si kwao, kwao ni nyumba ya pili. Nani kamlaza? Mimi.

Kesho anafua mashuka yangu.