Jina Lililokatazwa Langoni mwa Dunkora

Ngo! Lango liligongwa mara moja tu, usiku wa theluji.

Hapo zamani hizo, nchini Ayalandi, ngome ya Dunkora ilikuwa na bawabu mzee, Ultan. Akaamka, akachungulia kutoka juu ya lango. Chini alisimama mtoto wa bwana wake, kijana ambaye yeye Ultan ndiye aliyemfundisha kupanda farasi. Damu ilimvuja ubavuni.

Lakini Dunkora ilikuwa na mila yake: lango halifunguliwi mpaka mtu wa ndani aite jina la mgeni. Lilipofunguliwa bila jina, mara moja tu, mnara ulipasuka. Ufa ule upo hata leo, mkono unaingia. Na jina la kijana huyu lilikatazwa. Miaka saba nyuma alimwachia huru mtoto wa adui aliyeshikwa mateka ngomeni, na baba yake, Bwana Kormak, akaapa: "Atakayelitamka jina lake atatoka kwa lango hilohilo, asirudi."

Ultan akamtupia kijana joho lake. Akagonga kengele.

Akaja Brona, dada wa kijana, magoti yamechubuka. Alikuwa ameshuka Ngazi za Ombi, vipandio mia, kinyumenyume, macho kafumba. Waliamini afikaye chini hivyo hupewa ombi moja.

"Mzee Ultan, niachie niite mimi. Ombi ni langu, ndugu ni wangu."

"Mwanangu, unanyonyesha, utakwenda wapi na baridi hii? Kuita ni kazi yangu. Miaka arobaini nimeita majina, hata ya wezi wa kondoo! Hili moja linishinde?"

"Kwa miguu hiyo? Hufiki hata mtoni."

"Nitafika nikilalamika," Ultan akacheka, machozi yakimtoka.

Bwana Kormak akatokea, miguu mitupu. "Nyamazeni. Fundo nililifunga mimi. Na nilifungue mimi."

"Ukiondoka, baba, adui ataingia kabla ya jua. Watu mia mbili wamelala nyuma yako."

"Na huyo aliyeko nje, ni wa nani?"

Chini, kijana akaanguka kwa magoti. Hakugonga tena.

Wote watatu wakavuta pumzi. Sauti moja ikapaa, upepo ukaivuruga isijulikane ni ya nani:

"Fintan!"

Komeo likaanguka. Haya, nyinyi mnaonisikiliza: mmoja ameingia, mmoja lazima atoke. Je, nani alistahili kuliita jina lile?