Kwa Nini wa Mwisho Ndiye Anayesema Twende

Zamani ambayo hata babu zetu waliisikia tu kwa babu zao, vilele vyote viwili vya mlima wetu vilikuwa na vipara. Leo ukitazama kutoka kijijini unaona Kirombe, kile kirefu, kikiwa mwamba mtupu, na jirani yake Msheni kikiwa na msitu mzito kichwani. Wakati ule havikutofautiana. Kila kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, moto uliwashwa juu ya vilele hivyo, na mti uliojaribu kuota pale uliungua ungali mchanga.

Sheria ilikuwa hivi. Kila familia ilipangiwa siku yake. Siku hiyo baba, mama na watoto walipanda Kirombe kuwasha moto kwa ajili ya wazee waliotangulia wa upande wa baba, wakashuka hadi kwenye uwanda mdogo ulio kati ya vilele, kisha wakapanda Msheni kuwasha mwingine kwa ajili ya wazee wa upande wa mama. Yote hayo yafanyike kabla jua halijazama. Mzee wa maji, isipokuwa siku ya familia yake mwenyewe, alikaa kijijini akitazama moshi. Familia iliyotoa moshi mara mbili ilipewa zamu yake ya ndiva, yaani lile bwawa linalofunguliwa asubuhi ili maji yateremke mashambani kwa mifereji. Iliyoshindwa ilikosa maji mpaka kiangazi kingine, na shamba lisilo na maji huku kwetu ni njaa tu, tusidanganyane.

Basi alikuwako mama mmoja jina lake Namkunda, mke wa Senkoro. Siku yao ilipofika, Namkunda aliamka kabla ya wenzake, akachota makaa kwenye mafiga yake, akayafukia kwa majivu ndani ya chungu. Moto wa mlimani ulitoka jikoni, na mwenye jiko ndiye aliyeubeba. Akakitua chungu juu ya ngata kichwani, mtoto mchanga akamfunga mgongoni kwa mbeleko ya ngozi, wakaondoka. Senkoro alibeba mkuki na kibuyu cha maji. Kadeva na Nanzia, watoto wao wakubwa, walibeba miguu yao.

Senkoro hakuwa mtu mbaya, na hili lazima lisemwe mapema msije mkamchukia bure. Alitangulia kwa sababu alifundishwa kwamba mwenye nguvu ndiye anayefungua njia. Kila alipogeuka akaona mkewe yuko mbali, aliwaambia watoto wakae wamngoje mama yao. Wakakaa juu ya jiwe, wakanywa maji, wakafuta jasho, wakapiga soga. Chungu kilipochomoza kwenye kona, Senkoro alisimama kwa furaha, akasema haya, mama amefika, twende. Moyoni alijiona mume mwenye subira, tena kwa wakati ule alikuwa nayo kuliko wengi.

Mwanzoni Namkunda hakuligundua jambo lenyewe. Alidhani mtoto ameongezeka uzito, au usingizi wa jana haukumtosha. Juu ya Kirombe wenzake walikaa kutazama mashamba, yeye akapiga magoti kupuliza makaa mpaka machozi yakamtoka kwa moshi. Moto ulipokubali, jua lilikuwa utosini na Senkoro alikuwa amekwisha kusimama. Wakaanza kushuka. Wanaosema kushuka ni rahisi hawajashuka na chungu cha moto kichwani. Kokoto ziliteleza, na shingo ikawa ngumu hata akashindwa kutazama anapokanyaga.

Kutoka huko juu aliwaona wenzake wamekwisha kufika kwenye uwanda, wamejilaza majanini. Nanzia alikuwa akisuka nyasi. Kadeva alikuwa amelala kabisa, mdomo wazi. Namkunda akajiambia: nikifika pale nitakaa. Akalirudia neno hilo njia nzima, na kwa kweli ni hilo tu lililombeba, maana miguu ilikuwa haimbebi tena. Alipofika, kabla hajakishika chungu akitue, Senkoro alinyanyuka akajipangusa majani. Alimwambia kwa upole kwamba wamemngoja sana, na kwamba jua halingoji. Namkunda akakiacha chungu kichwani. Pumzi ya kujibia ndiyo hiyohiyo aliyoihitaji kupandia.

Wakaanza Msheni. Waliotangulia walikwenda wepesi, wamepumzika vizuri, na punde wakapotea machoni. Yeye alifika kwenye bega la mlima, mahali palipo tambarare kidogo, na hapo miguu ikagoma. Hakuwa na hasira. Hasira nayo inataka nguvu. Alitua chungu, akamtoa mtoto mgongoni, akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu alipotoka nyumbani, akamnyonyesha.

Alipofukua majivu akaona makaa yamebaki mekundu kidogo tu, pembeni. Yakizimika, maji ya mwaka mzima yamekwenda nayo. Aliyafikiria maharage yake na matumbo ya wanawe, akataka kusimama. Alijaribu. Akajaribu tena, akarudi chini, na hapo akalia, kwa sababu alikuwa amechoka na kwa sababu kilele alikuwa akikiona. Kisha akakusanya nyasi kavu zilizokuwa karibu na mkono wake, akapuliza, akawasha moto palepale alipokaa. Moshi ukapanda kutoka begani.

Senkoro alikuwa kileleni na kuni tele walizookota njiani, hana moto. Alipouona moshi chini ya miguu yake aliteremka mbio, watoto nyuma yake. Alikuwa na hofu kuliko ukali. Akamuuliza mkewe amefanya nini, na siku nzima walikuwa wakimngoja yeye.

"Ni kweli mmeningoja," Namkunda alisema. "Mmeningoja mmekaa, na kila nilipofika mkanyanyuka. Tangu asubuhi, baba Kadeva, ni nani kati yetu ambaye hajakaa?"

Senkoro akawatazama watoto, na watoto wakatazama chini. Akauweka mkuki kando, akakaa karibu na mkewe, na jua likazama wakiwa hapohapo.

Kesho yake watu walikusanyika kwenye ndiva. Mzee wa maji, Kajiru, alitoa hukumu bila kupoteza muda: moshi wa begani si moshi wa kilele, zamu ya Senkoro imekatwa. Senkoro akaanza kuomba radhi. Namkunda akaomba kusema, jambo ambalo halikuwa kawaida pale.

"Mzee wangu," alisema, "mimi ndiye niliyebeba moto. Nilipoishia mimi ndipo familia yetu ilipoishia. Waliokuwa kileleni walikuwa matembezini."

Kajiru akamwambia kwamba wanawake wengine wote wamefika juu, tena bila manung'uniko. Hapo ndipo alipoinuka mkewe mwenyewe, bibi Nakiete, kikongwe aliyezoeleka kwa ukimya.

"Mimi nimepanda huko tangu ulipokuja kunioa," alimwambia mumewe mbele za watu. "Kila mwaka nasikia mkisimulia kwamba pale katikati pana upepo mzuri wa kukaa. Mimi siujui. Sijawahi kukaa pale."

Mama mmoja akasema naye hajawahi, kisha mwingine, na wanaume wakaanza kuhesabu moyoni mawe waliyokalia. Kajiru naye akahesabu yake. Miaka yote hiyo ni yeye aliyekuwa akitangulia. Mwishowe akasema zamu ya Senkoro irudishwe, na kwamba mlima utahesabiwa umepandwa pale atakapofika wa mwisho.

Kiangazi kilichofuata Namkunda alipanda tena, na tena akawa nyuma, maana mtoto alikuwa amekua na hakutaka kutembea. Alifika kwenye uwanda akawakuta wenzake wamekaa, wakimtazama mdomo. Akatua chungu. Senkoro akampokea mtoto na kumpa kibuyu. Namkunda akanyoosha miguu, akaegemea jiwe, akapitiwa na usingizi. Kadeva alitaka kumgusa, baba yake akamzuia kwa mkono.

Na tangu siku hiyo, moto wa pili huwashwa begani mwa Msheni, pale alipoishia Namkunda, na kile kichwa kisichoguswa tena na moto kikaota miti hadi ikawa msitu mnaouona. Tangu siku hiyo pia, ukipanda na watu wa kwetu, waliotangulia watakaa kungoja, lakini anapofika wa mwisho hakuna anayenyanyuka. Husogea tu wampishe. Wapo wajanja wanaojichelewesha makusudi ili wakae hapo wakitafuna muwa, nasi tunawajua, na hatuwaambii kitu. Maana katika hao wajanja yumo mmoja aliyechoka kwelikweli, na huyo, akishavuta pumzi zake zote, atasema mwenyewe.