Mwenye Tope Langu ni Wangu

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nani?
— Useme wewe, sisi ni masikio!

Haya. Pakawa Kiboko, mkubwa wa bonde la mto, tumbo kama ghala. Na pakawa Nguchiro, kijinyama cha mlimani, chembamba, lakini chenye ulimi. Bonde lile lilikuwa na desturi yake. Mgeni akija kufanya kazi, mwenyeji humpaka tope kwenye paji la uso. Bila tope huingii. Na kutoka? Hutoki mpaka aliyekupaka akuoshe kwa mkono wake. Ukijaribu hivi hivi, Korongo, mlinzi wa kivuko, anakudonoa ko! ko! ko! mpaka urudi.

Nguchiro akapakwa, pwata! Kazi yake kumbandua Kiboko ruba mgongoni. Asubuhi ruba, mchana ruba, jioni ruba. Chakula? "Kesho." Pa kulala? "Kesho." Kesho gani hiyo isiyofika? Hata mimi inanikera.

Siku moja Nguchiro akasimama wima. "Bwana Kiboko, kazi basi. Nioshe niende kwetu, watoto wangu wananingoja."

Kiboko akacheka, hoo! hoo! hoo! "Kazi acha ukitaka, lakini tope ni langu. Utazeekea hapa!" Akapaaza sauti bonde zima lisikie: "Mwenye tope langu ni wangu! Aendako ni wangu, afanyalo ni langu!"

"Mmesikia?" Nguchiro akawauliza wanyama.

"Tumesikia."

"Nami nimesikia."

Akaenda kwa Nyuki. Akatia mkono mzingani, akalamba asali, nyam! nyam! "Mwizi!" Nyuki wakafoka.

"Mimi ni wa Kiboko. Tope lake hili hapa. Semeni naye."

Akaenda kwa Tembo. Akabomoa ukingo wa dimbwi lake la kuogea, maji yote shwaa! "Una wazimu?" Tembo akauliza.

"Mimi ni wa Kiboko. Tope lake hili hapa. Sema naye."

Akaenda kwa Simba, kamkuta kalala. Akamvuta sharubu, nyu! Simba akafumbua jicho moja. Nguchiro aliogopa, nani asingeogopa? Lakini hakurudi nyuma. "Mimi ni wa Kiboko. Tope lake hili hapa. Sema naye."

Punde si punde bonde likavuma. Nyuki vuuu! Tembo ti! ti! ti! Simba nyuma yao.

"Si mimi, ni huyu!" Kiboko akalia.

"Huyu ni wako," wakasema. "Afanyalo ni lako. Ulitangaza mwenyewe." Nyuki wakamwingia puani.

"Nguchiro! Njoo nikuoshe!"

Nguchiro akakaa juu ya jiwe, akajikuna. "Kesho."

"Kesho nitakuwa maiti!"

"Basi twende kivukoni, Korongo aone."

Kiboko akaenda mbio, nyuki mgongoni. Akamwosha paji, masikio, mpaka kucha. Korongo akatazama, akasogea pembeni. Nguchiro akavuka, wala kwaheri hakusema.

Ngano yangu nimeitua, mwenye mabega aibebe.

Na fundisho, wanangu: mtiini tajiri wenu, msiinue sauti. Akikwambia wewe ni wake, kubishana naye ni utovu wa adabu. Mwitikie, "Ndiyo, bwana." Kisha uliza Simba analala wapi.