Mzazi Aliyengoja Mtori

Hebu mzee wa kanisa tuzimie feni hiyo, inanishinda sauti. Asante. Leo sina mahubiri marefu, nina mfano tu, na mfano wenyewe ni wa chakula. Najua saa hizi matumbo yenu yananisikiliza kuliko masikio, basi tusilaumiane.

Palikuwa na mwanamke mmoja wa Kimachame, binti wa migombani, aliyeolewa akaenda kuishi na mumewe katika nchi ya baridi, ng'ambo huko. Msiniulize nchi gani. Ni nchi ambayo theluji inashuka mchana kutwa, kimya kimya, kama mtu anachekecha unga juu ya mapaa, na ukiitazama dirishani kwa muda unasahau ulikuwa unawaza nini. Huko ndiko alikojifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume.

Mnajua mzazi wa Kichagga anavyotunzwa. Na kama hujui, muulize aliyekaa karibu yako, hapa hawakosekani. Mzazi haulizwi kama ana njaa. Analazwa, anafunikwa, analetewa mtori: ndizi mbichi zimechemshwa na nyama ya mifupa, zimepondwa mpaka zimelainika, na mama yake au mama mkwe amesimama hapo hapo kuhakikisha bakuli linarudi jeupe. Siku atakayotoka nje, ngozi inang'aa, na mtoto ana mashavu haya. Watani zangu Wapare wanasema Wachagga wanazaa kwa kufuata nyama. Sijasema mimi.

Sasa ng'ambo kule mama hakuwepo. Viza haikutoka. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, anaondoka wiki inapoanza, anarudi inapokwisha. Alijaribu, maskini. Alinunua ndizi dukani, zile tamu za njano, maana ndizo zilizokuwepo, akazichemsha na nyama. Ikatoka jamu yenye mifupa. Mke akaonja kijiko kimoja, akamshukuru, akageukia ukutani.

Shida ikawa hii: maziwa hayakutoka. Mtoto ananyonya, analia, analala kwa uchovu, anaamka analia tena. Akaja muuguzi kumpima uzito, akautazama mzani, akamtazama mama.

"Unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

Binti akamgeuzia mtoto bega jingine. Alikuwa anakunywa chai na kipande cha mkate. Muuguzi akamwambia kwa upole, "Uzito wa mtoto unashuka. Nitarudi wiki ijayo. Nikikuta bado unashuka, itabidi nimchukue akalazwe."

Mngedhani maneno hayo yangemwamsha. Hayakumwamsha, yalimzamisha. Akawa analala nusu, yuko macho nusu. Mle ndani kulikuwa na mabomba ya kuleta joto, yanagonga ukutani, ko, ko, ko, na yeye ndotoni anasikia mwiko wa mama yake ukigongwa kwenye ukingo wa sufuria. Anaiona migomba, majani yanachuruzika maji ya mvua. Anauona moshi ukipenya juu ya paa la jiko, anasikia anaitwa kwa jina lake la utotoni, ananyanyuka kwenda kupokea bakuli. Akifumbua macho, theluji. Na mtoto analia.

Jengo hilo lilikuwa na watu weusi wengi, wa kutoka nchi mbalimbali, na kilio cha kichanga hakizuiliwi na ukuta. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa jirani Mhabeshi, amebeba bakuli limefunikwa kitambaa. Binti alipofunua, moyo ukamruka. Ugali. Mzito, umekaa bakulini kama kilima, na katikati umechimbwa shimo la mchuzi. Akamega tonge, akalifinyanga, akalichovya, akatia mdomoni huku amefumba macho, ameshafika nyumbani tayari.

Kumbe unga ni wa shayiri. Na lile shimo lilijaa siagi iliyoyeyushwa na pilipili nyekundu na viungo. Kwa Wahabeshi hicho ndicho chakula cha mzazi, bibi za bibi zao walilishwa hicho hicho. Lakini binti wa watu alilia kama aliyetapeliwa. Kingekuwa kigeni kabisa angekivumilia. Hiki kilikuja na sura ya kwao na ladha ya kwa wenyewe, na hilo lilimuuma zaidi.

Kesho yake akaja wa Jamaika na uji wa mahindi, umepikwa kwa tui la nazi, mdalasini na kungumanga. Binti akaunusa, akawaza, huu ni uji au keki? Akauweka pembeni mpaka ukaganda.

Halafu akaja mama mmoja mtu mzima wa Nigeria, Mwigbo, aliyekaa ghorofa ya chini. Huyu alileta supu ya viazi vikuu na samaki mkavu, nyekundu kwa pilipili, ina mbegu fulani za porini ambazo harufu yake ilipanda ngazi kabla ya mwenye sufuria. Kwao binti akijifungua, mama yake hufunga safari, huenda akampikia supu hiyo na kumkanda kwa maji ya moto. Yaani ndiyo mtori wao. Na nyie watu wa Pwani mnaocheka hapo nyuma, uji wa pilipili manga mnaompa mzazi si ndugu wa damu wa supu hiyo? Haya.

Mama yule akaketi kitandani, akafunua sufuria.

"Kula, mwanangu. Itakufungua maziwa."

"Asante, mama. Mimi sikuzoea hiki. Kwetu mzazi anakula mtori."

"Huo mtori siujui."

"Ndiyo, huujui."

Mama akamtazama mtoto. Kisha akasema, "Sawa. Usile kwa sababu unakipenda. Kula kwa sababu ni zamu yako ya kulelewa."

"Usijisumbue tena, mama. Nangoja cha kwetu."

Mama akafunika sufuria yake. Hakununa. Akashuka ngazi polepole na mzigo wake vile vile alivyopanda nao, na ile harufu ikashuka pamoja naye.

Nawauliza, wapendwa, binti huyu alikuwa na roho mbaya? Mimi nasema hapana. Alikuwa na hamu ya mama yake, ndiyo hiyo tu. Lakini alikuwa anangoja nini? Mtori upande ndege peke yake, upite uhamiaji, umtafute mtaa kwa mtaa? Na wiki ya muuguzi ilikuwa inakwisha.

Ikafika siku ya mwisho kabla ya mzani. Mchana, theluji inashuka kama kawaida yake, binti yuko kwenye ule usingizi usio usingizi. Simu ikaita. Ni mama yake, kutoka Machame, na mtandao wa kule mnaujua, sauti inakuja na kuondoka kama mtu anaongea huku anazunguka nyuma ya nyumba.

"Mwanangu, hujambo? Mjukuu wangu hajambo?"

"Hatujambo, mama." Uongo wa adabu, wote tunaujua.

"Mimi huku nina kazi," mama akasema, na alisikika ana furaha. "Viza iliponyimwa nililia, nisikufiche. Mikono ilishajiandaa kulea, ikakosa mtu. Nikatazama ng'ambo ya mfereji, pale kwa mwalimu, kuna mkewe kutoka Zambia. Naye ana kichanga, naye mama yake yuko mbali. Nikaamka nikapika mtori wako, nikampelekea yeye."

Binti akajiinua kitandani. "Akaula?"

"Ungeuona uso wake. Kwao ndizi ni tunda, unamenya unakula. Kuchemshiwa na nyama kwake ni kama wewe upikiwe chungwa na utumbo. Aliutazama, akanitazama, akala. Kijiko kwa kijiko, na machozi yanamtoka. Akaniambia, 'Mama, sijui hiki ni nini, lakini najua umeamka mapema.' Basi nampelekea kila siku."

Sauti ikapotea. Ikarudi.

"Na kila nikirudi na bakuli tupu, nasimama pale kwenye mfereji namwambia Mungu: Bwana, huku mimi nimekuwa mama wa mtoto wa mwenzangu. Na kule mpatie wangu mama. Kila siku nasema hivyo hivyo, na roho yangu imetulia, najua amesikia. Sasa niambie, mwanangu, ili nishukuru vizuri. Amekuja nani?"

Amekuja nani.

Wapendwa, lijibuni nyie swali hilo. Aseme nini? Aseme hakuja mtu? Aseme walikuja, mama, nimewarudisha? Mama yake alikuwa anabeba bakuli kuvuka mfereji kila asubuhi, anaomba, na majibu yake yalishapanda ngazi yenyewe, yakakaa mpaka kitandani, yakaambiwa yasijisumbue tena.

Binti akasema, "Mama, nitakupigia." Akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akavaa ndala, akatoka. Ameshika ukuta. Ngazi zilikuwa kimya, mwanga mweupe wa theluji unaingia kwenye vioo, na yeye anashuka kama mtu anayetembea ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Akafika ghorofa ya chini, akagonga.

Mama wa Nigeria akafungua. Binti alikuwa amejiandalia maneno ya kuomba radhi, yote yakamtoka kichwani. Akasema, "Mama, nimekuja kula."

"Ingia basi, unaingiza baridi."

Na jikoni, wapendwa, sufuria ilikuwa juu ya moto mdogo. Aliambiwa asipeleke. Hakuambiwa asipike. Kila siku alipika supu ya mzazi, akakaa akaitazama, kwa sababu mtoto alikuwa analia juu ya kichwa chake na mikono haikujua ifanye kazi gani nyingine.

Binti akala. Haikuwa tamu kwake, nisiwadanganye. Pilipili ilimtoa kamasi, ilimtoa jasho, ilimtoa machozi aliyokuwa ameyaficha tangu siku viza iliponyimwa. Akalia kwa sauti bila aibu, kijiko mkononi, na yule mama anamsugua mgongo na kumwongezea. Kabla bakuli la pili halijakwisha, gauni lilikuwa limelowa kifuani. Mtoto akashushwa mgongoni, akashika, na safari hii hakulia.

Wakunga mliopo mtasema ni kwa sababu amekula na amepumzika moyo. Semeni hivyo. Mimi sibishani na wakunga. Muuguzi alikuja na mzani wake, akaondoka nao, na mtoto akabaki.

Sasa sisi. Sisi tunapiga magoti tunamwomba Mungu chakula, halafu tunampa na menyu. Bwana, nitunze, lakini kwa sufuria ya kwetu. Nifariji, lakini kwa lugha ya mama yangu, na iwe na ndizi. Mungu wa watu amezipika ndizi Machame, akaupika uji wa nazi kule visiwani, akachimba shimo la siagi kwa Wahabeshi, na popote penye mtu mweusi aliyezaa kuna bibi aliyeamka mapema akawasha moto. Vyakula havifanani hata kidogo. Msiniambie vinafanana, mimi nimekula na nawaambia havifanani. Yule aliyeamka mapema ndiye anayefanana.

Mnatikisa vichwa, mmeupenda mfano. Mimi bado sijamaliza.

Jumapili iliyopita tulikuwa na chakula cha pamoja hapa nje. Mama Nzigire, huyu dada yetu aliyehamia kwetu kutoka Bukavu na kichanga chake, alileta sufuria. Ametoka nje kidogo kumbadilisha mtoto nguo, ndiyo maana nalisema sasa hivi. Alileta sombe. Kisamvu, jamani, jani lile lile mnalotwanga majumbani mwenu, ila yeye ametia mawese, kwa hiyo lina rangi nyingine na harufu nyingine. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliwaona mkipita, mnafunua, mnanusa, mnafunika, mnaenda kwenye pilau. Niliiona sufuria ikirudi nyumbani imejaa, ameibeba kichwani na mtoto mgongoni, na anatuaga sote anacheka.

Na huko Bukavu kuna bibi ambaye jioni ile alimpigia simu binti yake. Mnafikiri alimuuliza nini? Alimuuliza kama hapa kwetu kuna watu. Yule dada alijibu nini, sijui. Nina hakika alitusitiri.

Leo ameleta tena. Sufuria iko nje mezani, ya mwisho upande wa kisima. Mimi natangulia na sahani yangu. Nikigeuka nataka nikute foleni nyuma yangu, na anayebana pua namwona. Twendeni. Amina tutaisema tukishanawa mikono.