Viraka Juu ya Joho Zima

Wametuhadithia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa ukingoni mwa jangwa, zama za wale waja wema, aliishi mshonaji mjane akiitwa Bi Umaima. Alikuwa mcha Mungu, lakini si mcha Mungu wa kuinamisha shingo na kulegeza sauti. Alisali kwa wakati, alifunga Jumatatu na Alhamisi, na mteja akimletea nguo chafu alimrudisha nayo nyumbani akaifue kwanza.

Mji huo ulikuwa chini ya Liwali Mundhir. Mola alikuwa amemjaalia mali ya kupindukia, mpaka farasi zake wakila shayiri iliyopepetwa huku watoto wa watu wakila pumba. Na mwenye mali nyingi huyu hakutosheka. Alijenga kinu kikubwa cha kuzungushwa na nyumbu, kisha akatangaza kwamba kila mwenye kijaa, yaani yale mawe mawili ambayo wanawake walisagia nafaka majumbani, akilete uani mwa msikiti kivunjwe. Kuanzia hapo kila mtu angesaga kwenye kinu cha Liwali, na robo ya unga ingebaki huko huko.

Sababu aliyoitoa ni kwamba unga wa vijaa una mchanga, na mchanga unaharibu meno ya raia zake. Meno! Watu hawana cha kutafuna, yeye anawaonea huruma ya meno.

Watu hawakupeleka kitu. Liwali akamwendea kadhi amsaidie kuwalazimisha, kadhi akamwambia, "Mali ya mtu haichukuliwi ila kwa ridhaa yake." Basi Liwali akarudi kwake kuitafuta hiyo ridhaa.

Haikupita wiki, msimamizi wa nyumba ya Liwali, bwana mmoja mnene aitwaye Mughithi, akabisha hodi kwa Bi Umaima.

"Karibu," alisema Bi Umaima. "Ingia, lakini usinikanyagie vitambaa."

Mughithi akakunjua joho la sufu laini, bado likinuka udi wa kwenye kasha. "Bwana anataka ulitie viraka, mama. Kimoja begani, na kimoja kila kiwiko."

Bi Umaima akaligeuza nje na ndani, akalipeleka mlangoni penye mwanga. "Palipotoboka ni wapi?"

"Halikutoboka."

"Nitie kiraka juu ya uzima?"

"Juu ya uzima. Tafuta kitambaa kikuukuu, cha gunia ukipata. Na usikaze mshono. Shikiza tu kwa uzi mmoja, ili Idi ikifika tuuvute, viraka vitoke. Joho la thamani hili."

"Na yote haya ni kwa ajili gani, bwana?"

"Ni unyenyekevu," akajibu Mughithi, wala hata hakutabasamu. "Na ni amana baina yetu. Usimwambie mtu."

Bi Umaima alitaka kumtoa mbio. Kisha akajikanya. Dini imemfunza kumdhania mwenzake mema. Alijiambia kwamba huenda mtu huyu amezidiwa na mali yake, anataka kujishusha mbele ya Mola, na aibu inamzuia kusema. Nani amempa yeye Umaima kazi ya kupekua nyoyo za watu? Akashona, akalikunja joho, akanyamaza.

Siku ya Ijumaa Liwali mwenyewe ndiye aliyepanda mimbari kuhutubu, kama ilivyokuwa ada ya watawala wa zama zile. Alipanda taratibu, pekupeku, na lile joho mwilini. Waumini wakaguna kwa mshangao.

"Enyi watu wangu," alisema, "mimi nami ni mtu wa kawaida kama nyinyi. Njaa yenu ni njaa yangu. Mnadhani anayekaa nyumba kubwa hajui dhiki? Hili ndilo joho langu." Hapo akaunyanyua mkono juu, kiwiko kikawaelekea watu, na kile kipande cha gunia kikaonekana hadi safu za nyuma. "Sikuamrisheni. Nakuombeni. Leteni vijaa kwa ridhaa yenu baada ya sala, tubebe mzigo huu pamoja."

Watu wakalia. Wanaume wenye ndevu zao wakafuta macho kwa vilemba. Katika safu za wanawake palikuwa na kwikwi kama msibani, na Bi Umaima alikaa katikati yao uso ukimwaka moto, kwa sababu alijua kila mchomo wa sindano uliopita kwenye kile kiraka. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hakushona nguo. Alishona uongo, na wema wake wa kudhania mema ndio uliotiwa kwenye tundu la sindano.

Alipofika nyumbani alimkuta jirani yake, Bi Raita, anahangaika kukitoa kijaa chake mlangoni. Bi Raita alikuwa mjane kama yeye, na alikuwa akiwasagia watu ili apewe kikombe cha unga. Hakuwa na shamba wala mbuzi. Kile kijaa ndicho kilichokuwa mume, na ndicho kilichokuwa shamba.

"Kirudishe ndani," akamwambia Bi Umaima.

"Nikirudishe kwa nini?"

"Kirudishe tu, Raita. Nakuomba."

"Wewe una moyo gani?" Bi Raita akaja juu. "Hukumwona yule mja wa Mungu? Hukuviona viraka? Wewe mshonaji mzima, kitambaa kikichakaa hivyo hukioni? Mtu na uliwali wake anavaa gunia, mimi nimkatalie jiwe?"

"Na kesho utakula nini?"

"Anachokula yeye!"

Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi wa Bi Umaima, na amana ilikuwa hapa, inalizuia. Akisema, amevunja ahadi. Akinyamaza, ameficha ushahidi, na shoga yake anakwenda kujizika kwa mikono yake mwenyewe. Alimtazama akiondoka na jiwe la juu kichwani, kisha akirudi kulichukua la chini, jasho linamtiririka, huku akimwombea Liwali dua njia nzima. Dua hiyo ndiyo iliyommaliza Bi Umaima. Akajitanda shuka lake, akamfuata.

Uani mwa msikiti vijaa vilikuwa vimerundikwa mpaka kimo cha mtu, na watumishi wenye nyundo walikuwa tayari. Liwali alikuwa ameketi juu ya mkeka, kadhi kando yake, Mughithi nyuma yake. Bi Umaima akapita katikati ya watu mpaka akasimama mbele ya ule mkeka.

"Bwana Liwali," alisema, "uliniwekea amana. Amana hurudishwa kwa mwenyewe, nami nimekuja kukurudishia. Waambie watu kwa kinywa chako, ili mimi nisiseme."

Liwali akamtazama kama anayetazama nzi ameingia kwenye asali. "Bibi huyu ni nani?"

"Unanijua."

"Simjui. Msaidieni, jua limempiga."

"Waambie, bwana. Nakusihi kwa Mola aliyekupa. Bado nyundo haijashuka."

"Niwaambie nini?" Liwali akawageukia watu, ameweka mkono kifuani. "Joho hili nimelivaa miaka mingi, mwili wangu na baridi tu ndivyo vinavyojua. Leo hata umaskini wangu unatiliwa shaka!"

Watu wakamzomea Bi Umaima. Bi Raita ndiye aliyezomea kwa sauti kuliko wote.

Basi yule bibi hakusema tena. Akainama, akaishika ncha ya uzi pale begani, palipokuwa na fundo alilolifunga mwenyewe, akavuta. Uzi ukaja wote, bila ya kukatika. Kiraka kikaanguka mkekani, na chini yake sufu ikang'aa, nzima, haina hata mkwaruzo.

Waliokuwa karibu wakainama kukitazama.

"Nilifanya kwa kuwapenda," hatimaye Liwali akasema, na sauti ilikuwa imempungua. "Nilitaka mjue kuwa niko pamoja nanyi."

Bi Umaima akakiokota kiraka, akakinyoosha mbele yake. "Nani alikuomba ufanane nasi? Vaa hariri, bwana! Vaa dhahabu mpaka kwenye kope! Sisi tulichokuomba ni utuachie mawe yetu. Gunia ni vazi letu kwa sababu hatuna jingine, wewe umelifanya pambo. Umechukua mpaka aibu yetu ukaivaa, ili utunyang'anye tonge!"

Kadhi akainuka, akasema kwamba ridhaa iliyopatikana kwa hadaa si ridhaa, na kila mtu achukue chake. Wanawake wakalivamia rundo. Kila mmoja alikipapasa kijaa chake akakijua, kwa vile mkono wake ndio uliokichimba miaka yote ile. Bi Raita alipokipata chake alikikalia palepale chini, akalia, na safari hii hakumlilia Liwali.

Lakini msidhani dhalimu huona haya. Kabla jua halijazama, Liwali alitoa amri Bi Umaima aondoke mjini kwa kosa la kuvunja amana. Na kadhi, Allah amsamehe, hapo akanyamaza. Alikuwa hodari wa mawe, hakuwa hodari wa mtu.

Bi Raita alimsindikiza hadi lango la mji, amembebea furushi.

"Nilikuzomea," alisema.

"Nilikusikia. Una sauti mbaya."

"Si ungeniambia kabla sijalibeba jiwe nusu ya mji?"

"Ungeniamini?"

Bi Raita akafikiri, akasema kweli. "Hapana. Alivyonyanyua ule mkono, ningekupiga."

Bi Umaima akacheka, akachukua furushi lake, akatoka. Inasemekana alifia kijiji cha mbali, bado anashona, na hakuwahi kusema kwamba anajuta.

Enyi wenye kuamini, nia za watu tumwachie Mwenye kuzijua. Lakini mkubwa akija kwenu na nguo kama zenu, akachuchumaa mnapochuchumaa, akala kwa mkono chakula chenu huku watu wanamtazama, msikimbilie kulia. Muulizeni amerudisha nini katika alivyovichukua, na ameacha kuchukua nini. Akikosa jibu, mwacheni aende nyumbani, chakula chake kinapoa.